Kuzuia chini ya kiuno: kanuni inavyosema, na mzazi afanye nini

Kila Agosti msimu wa futiboli ya Kimarekani unapoanza, simu za wazazi nazo huanza. Nyingi sasa hutoka kwa familia zetu zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani, na lalamiko ni moja: "Mwanangu amekatwa miguu, refa amenyamaza." Mimi ni mwamuzi wa mechi za sekondari na mkufunzi wa waamuzi wenzangu. Uchungu wa mzazi naujua, ila mengi yanayopigiwa kelele jukwaani hayamo kwenye kanuni.

Wengi mnaliita tendo hili ngwala. Ngwala ni kumtega mtu kwa mguu, na ina kosa lake peke yake. Kinachobishaniwa hapa ni mchezaji kumzuia mpinzani asiye na mpira kwa kumgonga chini ya kiuno, kutoka mbele au ubavuni. Kinachohesabiwa ni mguso wa kwanza: akianzia kifuani kisha akateleza hadi mapajani, si kosa hili. Na aliyebeba mpira anaruhusiwa kukamatwa miguu na kuangushwa. Tafadhalini, hili nalirudia kila wiki.

Hofu yenyewe ina msingi. Mtazame beki wa pembeni anayemfuatilia mbeba mpira. Njumu zimezama kwenye nyasi, uzito wote uko mguu mmoja, macho yako kwenye mpira. Bega la mtu linamwingia ubavuni usawa wa goti. Mguu hauna pa kwenda, goti linakunjikia ndani, upande ambao halikuumbwa kukunjikia. Kano ya upande wa ndani ndiyo huvutika kwanza. Kishindo kikizidi, kano ya msalaba ya mbele hukatika. Baada ya upasuaji kijana hukaa nje yapata miezi tisa, pengine zaidi. Hapo msimu umekwenda.

Ndiyo maana kanuni za shirikisho la kitaifa la shule za sekondari, NFHS, zimeuzungushia uzuiaji huu mipaka. Unaruhusiwa ndani ya eneo moja tu: yadi 4 kila upande wa mpira ulipowekwa, na yadi 3 nyuma ya mstari wa kila timu, yaani pale timu mbili zinapopangana zikitazamana. Jumla ni yadi 8 kwa 6. Wote wawili, anayezuia na anayezuiwa, wawe kwenye mstari na ndani ya eneo hilo wakati senta, mchezaji wa katikati ya mstari, anaurusha mpira nyuma kuanzisha mchezo. Mguso utokee humo humo. Mpira ukishatoka humo, eneo limekufa. Tangu 2021 limeongezwa sharti jingine: uzuiaji uwe tendo la kwanza la papo hapo mpira unaporushwa. Ukisimama kwanza, ukamsukuma mtu, kisha ukashuka magotini mwake, umechelewa.

Adhabu ni yadi 15. Mwamuzi anarusha kitambaa cha njano lakini hapulizi filimbi; mchezo unaendelea mpaka ufe wenyewe. Kisha anamweleza mwamuzi mkuu, mwenye kofia nyeupe, na timu iliyokosewa inachagua kuikubali adhabu au kuikataa. Yadi 15 zikizidi nusu ya umbali uliobaki hadi mstari wa goli, hukatwa nusu hiyo. Ukiona yadi hazikusogezwa, usidhani kosa halikuonekana; huenda adhabu ilikataliwa. Wachezaji wawili wakimzuia mtu mmoja, huyu juu na yule gotini au chini yake, hilo ni kosa popote. Hata ligi ya kulipwa, NFL, iliupiga marufuku kabisa uzuiaji huu wa watu wawili mwaka 2016.

Wanaoutetea uzuiaji wa chini wana hoja. Vyuo vya kijeshi vya Army, Navy na Air Force vimeutegemea kwa miaka mingi, kwa kuwa vijana wao mara nyingi wana uzito mdogo kuliko wapinzani. Wengine wanasema kila mtu akizuiwa juu, vichwa vitagongana zaidi. Naiheshimu hoja hiyo. Hata hivyo mwaka 2022 kanuni za vyuo ziliubana uzuiaji huu ubaki ndani ya eneo dogo la katikati ya mstari, linaloitwa tackle box. Chama chetu cha waamuzi hakitungi kanuni, kwa hiyo hili ni langu mwenyewe: kwa mtoto wa miaka 15 singeuacha hata ndani ya zile yadi 8.

Mlioko Texas, shule zenu hufuata kanuni za vyuo, si za NFHS, kwa hiyo vipimo vyangu msivipeleke kwa kocha wenu.

Kijana akilala chini, usiingie uwanjani. Mama mmoja alinipita mbio na kitenge chake, akamshika mwanawe mkono ili amwinue. Tulimzuia kwa upole, kwa sababu goti lililoachia halifai kusimamiwa kabla mtaalamu wa tiba aliye pembeni hajalikagua. Mchezo ukisimamishwa kwa ajili ya majeruhi, lazima atoke angalau kwa jaribio moja (down), si mechi nzima, hata akisema yuko sawa.

Kabla ya mechi ya kwanza, mwulize kocha mambo mawili: mwanangu anacheza kwenye mstari au nyuma yake, na mazoezini mmemfundisha kutumia mikono kujikinga magoti?