Kaunti za Vijijini Marekani Zinazotaka Kujitenga: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukizisoma ukiwa Kenya habari za kaunti za vijijini Marekani zinazotaka kujitenga na majimbo yao, neno kaunti litakupotosha mapema. Kaunti ya Kenya ina gavana na bunge lake kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Ya Marekani ni tawi tu la jimbo: gavana, bunge na sheria nyingi ni vya jimbo. Ndiyo maana ugomvi wenyewe ni na jimbo.

"Wanataka kujitoa Marekani." Hapana. Kujitoa katika nchi kulikwisha kukataliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1869, katika kesi ya Texas dhidi ya White. Kaunti hizi zinataka kubaki Marekani, ila chini ya jimbo lingine, jipya au la jirani. Watu wa mashariki mwa jimbo la Oregon hata jimbo jipya hawaliombi. Wanataka mpaka wa Idaho, jimbo jirani, usogezwe uwachukue.

"Wananchi wakipiga kura ya ndiyo, mambo yamekwisha." Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, na inasikitisha, maana watu wanapanga foleni kwa moyo mmoja. Mei 2024 Crook ilikuwa kaunti ya 13 ya Oregon kuunga mkono hoja ya kuhamia Idaho. Lakini hoja nyingi kati ya hizo ziliwataka tu viongozi wa kaunti wakutane kulijadili suala hilo, au kutoa maoni. Katiba ya Marekani, Ibara ya 4, inasema jimbo haliundwi ndani ya jimbo lingine bila ridhaa ya bunge la jimbo husika na ya Kongresi, yaani bunge la taifa. Kwa hiyo anayekimbiwa ndiye mwenye kutoa ruhusa.

"Haijawahi kutokea." Imetokea. Kentucky ilitoka Virginia mwaka 1792, Maine ikatoka Massachusetts mwaka 1820. West Virginia ilizaliwa mwaka 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na ridhaa ya Virginia ilitolewa na serikali ya waliobaki watiifu kwa Marekani, iliyokaa mji wa Wheeling. Tangu hapo, hakuna.

"Watu wote wa mashambani wanaunga mkono." Jimbo la Colorado, Novemba 2013: kaunti 11 zilipiga kura ya kujitenga, 5 zikakubali, 6 zikakataa. Weld, ambayo viongozi wake ndio walioanzisha vuguvugu, ilikuwa miongoni mwa zilizokataa.

"Mji unakula kodi ya shamba." Katika jimbo la Illinois wanaisema sana hii dhidi ya mji wa Chicago. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois, kilichoko kusini huko huko, ulikuta kwamba kaunti za kusini hurudishiwa na jimbo kama dola 2.80 kwa kila dola 1 wanayotoa, huku kaunti ya Cook, yenye Chicago, ikirudishiwa kama senti 90.

"Ni chuki tu dhidi ya watu wa mjini." Dhana hii naipinga kwa nguvu kuliko zote. Novemba 1941, huko Yreka, kaskazini mwa California, wanaume wenye bunduki walisimamisha magari kwenye Barabara Kuu 99, wakawapa madereva karatasi za tangazo la jimbo walilotaka kuliunda, Jefferson, la kaskazini mwa California na kusini mwa Oregon. Nembo yao ilikuwa karai la kuchekechea dhahabu lenye X mbili: tumesalitiwa mara mbili, na Sacramento, mji mkuu wa California, na Salem, mji mkuu wa Oregon. Kilio chao kilikuwa barabara. Shaba na mbao wanazo, njia ya kuzitolea hawana. Desemba 7 Japani ikaishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, wakaahirisha.

Wakati huo walau Seneti ya California, moja ya mabunge mawili ya jimbo, iliwabeba. Kaunti ya Los Angeles, hata ilipofikia watu milioni 6, ilikuwa na seneta mmoja. Alpine, Inyo na Mono kwa pamoja, watu wasiofika 15,000, nazo mmoja. Haikuwa haki, na mwaka 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, Mahakama ya Juu iliamua viti vifuate idadi ya watu. Lakini idadi ya viti haikuongezwa. California ina maseneta 40 kwa watu wapatao milioni 39, yaani seneta mmoja hubeba watu wengi kuliko mbunge wa Kongresi. Mwaka 2017 wana Jefferson walikwenda mahakamani kudai viti zaidi, wakashindwa. Kwangu mimi, hilo ndilo dai lao lenye uzito kuliko yote, na halihitaji mpaka wowote usogezwe.