Je, wajua kwa nini SportPesa Super Cup, kombe la klabu za Kenya na Tanzania, lilibaki Kenya mara zote tatu?

Juni 2018 uwanja wa Afraha, Nakuru, ulipokea klabu nane: nne za Kenya na nne kutoka Tanzania Bara na Zanzibar. Hilo lilikuwa toleo la pili la kombe hilo. Bingwa alikutana na Everton ya Uingereza, kwa hiyo hakuna mchezaji aliyeliona kama bonanza la kujifurahisha. Mashabiki wa Gor Mahia, maarufu K'Ogalo, kutoka Kisumu walikuwa na safari ya saa tatu hadi nne kwa matatu kupitia Kericho, na wale wa Kakamega Homeboyz walitoka mbali zaidi.

Safari yao haikupotea bure. Homeboyz waliichapa Yanga 3-1. Simba walifika fainali bila kufunga bao hata moja katika dakika 90: walitoka sare tasa na Kariobangi Sharks, kisha na Homeboyz, na mara zote mbili wakapenya kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti. Kwenye fainali Gor Mahia waliwalaza 2-0, Meddie Kagere akifunga mapema na Jacques Tuyisenge akamalizia kipindi cha pili.

Mwaka mmoja kabla, jijini Dar es Salaam, Gor walikuwa wamewafunga wapinzani wao wa jadi AFC Leopards 3-0 katika fainali. Januari 2019, Dar tena, Sharks wakaifunga Bandari ya Mombasa 1-0. Matoleo matatu, mabingwa wote Wakenya, na fainali mbili hazikuwa na Mtanzania hata mmoja kati ya klabu zilizocheza. Ilhali Simba hao hao walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19. Imekuwaje?

Wapo wanaosema ni baridi na mwinuko wa Nakuru, mji ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hoja hiyo haisimami, maana mataji mawili kati ya matatu yalichukuliwa Dar, kwenye joto la pwani.

Jibu liko kwenye kalenda. Wakati huo ligi ya Kenya ilianza mapema mwaka na kuisha karibu na mwisho wa mwaka, na ya Tanzania ilimalizika Mei. Kombe lilipochezwa Juni, Wakenya walikuwa katikati ya msimu, miguu imeshika moto. Wenzao walikuwa wametoka tu kufunga hesabu za ligi, wengine mikataba ikielekea ukingoni. Januari 2019 Watanzania nao walikuwa katikati ya msimu, lakini hilo halikuwasaidia Simba: katika Ligi ya Mabingwa walikuwa wametoka kufungwa 5-0 na AS Vita huko Kinshasa, na Al Ahly walikuwa wanawasubiri Misri siku chache mbele. Bandari wakawatoa 2-1 katika nusu fainali. Sidhani kama kocha yeyote angeweka kombe la wiki moja mbele ya mechi ya Al Ahly.

Mfumo wenyewe pia uliwabeba wanyonge. Ni mtoano mtupu, na mechi ikiisha sare, moja kwa moja matuta. Kipa mmoja mwenye siku njema anaweza kuangusha kikosi cha mamilioni.

Kwenye msimu mzima wa ligi na mashindano ya Afrika, pesa ndiyo huongea. Televisheni ya SuperSport iliondoka ligi ya Kenya mwaka 2017. Mwaka 2021 televisheni ya Azam ilisaini mkataba wa miaka 10 na ligi ya Tanzania, wa shilingi bilioni 225.6 za huko. Wachezaji wanajua kusoma alama hizo. Kagere alihamia Simba wiki chache baada ya fainali ya Afraha, akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Francis Kahata, naye wa Gor, akamfuata mwaka 2019. Kombe lilibaki Kenya, waliolileta wakavuka mpaka.

Baada ya 2019 halikuchezwa tena. Natamani sana lirudi, kwa kuwa sasa ligi zote mbili huanza karibu wakati mmoja. Lichezwe mwanzoni mwa Agosti, kabla kipenga cha ligi hakijapulizwa, na safari hii uwanja wa Bukhungu, Kakamega, uwe mwenyeji. Simba na Yanga waje na vikosi kamili, nao Homeboyz wawapokee nyumbani kwao.