Kabla hujafungua kituo chako cha masomo: sheria za Kenya zinazomhusu mwalimu

Walimu wengi wanaotaka kujitegemea huanza na jina na nembo. Wengine hulipa kodi ya nyumba ya miezi mitatu, wakapaka rangi na kutundika bango langoni, ndipo wauliza sheria inasemaje. Nakusihi, mwalimu, uanzie kwingine. Chukua karatasi uandike sentensi moja tu: unamfundisha nani, saa ngapi na siku zipi, mahali gani, na anayekulipa ni nani. Sentensi hiyo ndiyo itakayoamua ofisi utakazopita. Ukiikosea, hata cheti halali cha usajili hakitakusaidia.

Tuanze na watoto. Kama wanafika kwako asubuhi, wanafuata mtaala wa taifa na kuondoka alasiri badala ya kwenda shule nyingine, unaendesha shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 76, inataka taasisi ya namna hiyo ithibitishwe na kusajiliwa, na ombi hupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kuiita "kituo" au "darasa la nyumbani" hakubadilishi kitu, kwani mkaguzi haangalii bango, anaangalia kinachofanyika ndani. Kila anayeshika chaki humo lazima awe amesajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu, yaani TSC. Shahada ya ualimu peke yake haitoshi bila namba ya TSC.

Kama watoto wana shule zao na wewe unawasaidia jioni au Jumamosi, hujawa shule. Hapo ndipo wengi hujikwaa kwenye kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo, kinachokataza mwanafunzi kufanyishwa tuisheni ya likizo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Nimeona matangazo mengi ya "kambi ya likizo" ambayo ratiba yake ni Hisabati saa mbili, Kiingereza saa nne, Sayansi saa nane. Hiyo ni tuisheni iliyobadilishwa jina. Ukitaka kufanya kazi Aprili, Agosti na Desemba, uza kitu kingine kwa dhati: kuogelea, sataranji, muziki, kuandika programu za kompyuta, Kifaransa kwa wasiokisoma shuleni. Bajeti yako ya mwaka nayo ihesabu miezi hiyo bila ada ya masomo ya darasani. Vituo vingi huishiwa pesa Desemba kwa sababu kodi ya nyumba ilipangwa kana kwamba miezi yote kumi na miwili ina wanafunzi.

Ukiwafundisha watu wazima ufundi na kuwapa vyeti, iwe ni ushonaji, kompyuta au umeme, njia yako ni TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, chini ya sheria ya 2013 ya mafunzo ya ufundi, wala si Bodi ya Elimu.

Na kama bado umeajiriwa na TSC? Kumtoza ada mwanafunzi unayemfundisha darasani mchana ni mgongano wa maslahi, nao unaweza kukufikisha mbele ya kamati ya nidhamu. Kusajili biashara kwa jina la mke au mume hakuondoi mgongano huo. Soma kanuni za maadili za tume kabla hujatoza hata shilingi moja.

Jina, kampuni na mahali

Usajili wa biashara wenyewe hufanyika kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ndio sehemu rahisi kuliko zote. Jina la biashara hugharimu shilingi elfu moja hivi, kampuni zaidi ya elfu kumi. Tofauti kubwa iko kwenye deni. Ukiwa na jina la biashara tu, wewe na biashara ni mtu mmoja: mtoto akivunjika mkono kwenye ngazi zako na mzazi akakushtaki, gari lako na shamba lako vimo hatarini. Kampuni ni mtu mwingine kisheria, na tangu Sheria ya Makampuni ya 2015 mtu mmoja anaweza kuimiliki peke yake. Anayezunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake anatosheka na jina la biashara. Mwenye jengo, wafanyakazi na watoto thelathini namshauri asajili kampuni na kukata bima. Hata hivyo kampuni haimkingi mtu dhidi ya kosa la jinai. Kiboko kimepigwa marufuku na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi, na anayekitumia atashtakiwa yeye mwenyewe.

Kabla hujatia sahihi mkataba wa nyumba, nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulize ploti hiyo imeidhinishwa kwa matumizi gani. Nyumba ya makazi haigeuki darasa kwa sababu mwenyewe amekubali. Ni lazima upate kibali cha kubadilisha matumizi. Ukikosa kibali hicho, leseni ya biashara ya kaunti inaweza kukwama, na pesa uliyomlipa mwenye nyumba hairudi. Andika kwenye mkataba kwamba kaunti ikikataa, unatoka na kurudishiwa amana.

Kodi

Unahitaji PIN, yaani namba ya mlipa kodi, kutoka KRA, mamlaka ya ushuru, na ankara za eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Mwenye biashara ndogo asiye na kompyuta anaweza kuzitoa kwa simu kupitia *222#. Shule au kampuni inayokulipa itazidai, maana bila ankara hiyo haiwezi kuhesabu malipo yako kama gharama.

Walimu wengi huambiwa walipe kodi ya mauzo ya asilimia 3, ile inayowahusu wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kodi hiyo haigusi ada za kitaalamu, za usimamizi wala za mafunzo. Ukiwafunza wafanyakazi wa kampuni, kwa mfano, anayekulipa hukata asilimia 5 papo hapo malipo ya mwezi yanapofika shilingi 24,000, nawe unajaza ripoti ya kodi ya mapato ya kawaida kabla ya tarehe 30 Juni. Dai cheti cha makato hayo kila mara. Bila cheti utalipa pesa ileile mara mbili. Kwa ada za watoto wa tuisheni, iandikie ofisi ya KRA ya eneo lako, eleza unachofanya, na uhifadhi jibu lao.

Kuhusu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, shule za awali, msingi na sekondari zimesamehewa. Mafunzo ya kuboresha utendaji wa makampuni hayakusamehewa, kwa hiyo mauzo yako yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka utajisajili.

Picha na namba za simu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wema huumia bila kujua. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Picha zenyewe hazikuwa za aibu. Kilichokosekana ni idhini.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na anayeendesha taasisi ya elimu hujisajili kwa Kamishna hata akiwa mdogo kiasi gani. Ada ya biashara ndogo ni shilingi 4,000, na cheti hudumu miezi 24.

Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja, kila matumizi na mstari wake na sahihi yake: picha ya kumbukumbu za darasa; picha kwenye Facebook; kurekodi somo la mtandaoni; namba ya mzazi kuonekana kwenye kundi la WhatsApp. Mzazi akubali mmoja na kukataa mwingine. Sahihi moja chini ya sentensi "nakubali masharti yote" haina nguvu unayodhani inayo. Ongeza mstari unaosema anaweza kuondoa idhini wakati wowote, na akiiondoa, ifute picha siku hiyohiyo. Badala ya kundi la WhatsApp, tumia orodha ya matangazo, ili mzazi asione namba za wenzake.

Noti na mitihani

Noti ulizoandika ukiwa kazini ni za mwajiri wako, isipokuwa mkataba unasema vingine. Kenya ina jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: kazi ya kuagizwa nayo huhesabiwa mali ya aliyeiagiza. Mchapishaji akikuagiza kitabu cha mazoezi bila mkataba unaohifadhi haki zako, umekitoa. Mitihani ya zamani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, nayo ina mwenyewe. Kuirudufu na kuiuza bila ruhusa ni kuvunja hakimiliki. Tunga maswali yako.

Karatasi ya mzazi

Makubaliano ya mdomo huvunjika juu ya mambo matatu: ada ya kipindi ambacho mtoto hakuja, mzazi anayechelewa kumchukua mtoto, na mtoto anayeondoka katikati ya mwezi. Andika saa na siku za masomo, ada na tarehe yake, kinachorudishwa na kisichorudishwa, notisi ya kuondoka (wiki mbili zatosha), na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mtu asiye kwenye orodha hapewi mtoto, hata akiwa mjomba. Sahihi mbili, nakala mbili.

Karatasi hiyo pamoja na ujumbe wa M-Pesa ndio ushahidi wako ada ikikwama. Deni lisilozidi shilingi milioni 1 unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, ambako unajisimamia mwenyewe bila wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe.