Masta ni nini, na kwa nini uiulize kabla ya kuchagua santuri, CD au striming

Mjomba wangu wa Tanga ana santuri ndogo ya inchi 7 ya bendi moja ya Morogoro, ya miaka ya 1970. Upande mmoja umeandikwa jina la wimbo na "Part 1", upande wa pili jina lilelile na "Part 2". Mwimbaji akimaliza beti zake sauti inafifia, sindano inafika kwenye mduara wa mwisho na kuanza kulalamika, tss, tss, tss. Mjomba anainuka, anageuza sahani, na magitaa yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wimbo huohuo ninao kwenye CD ya mkusanyiko. Humo vipande viwili vimeunganishwa, na kama hujui pa kutega sikio huwezi kugundua ulipo mshono. Upo pia kwenye simu, lakini aliyeupandisha mtandaoni ameweka Part 1 tu. Nyuma ya magitaa unasikia tss, tss ya santuri ya mtu mwingine kabisa, labda iliyopo Mombasa, labda iliyopo Ulaya.

Sikukuu moja tulizipiga zote tatu kwa zamu, kwa spika zilezile. Mjomba alikuwa ameshaamua kabla hata hatujaanza. "Unaisikia besi hiyo, mjomba? Santuri ndiyo hiyo." (Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili.) Binti yake akasema CD ndiyo safi, maana matoazi yanasikika moja moja. Mimi nilijitia hakimu nikashindwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na haki yake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hatukuwa tunashindanisha santuri na CD na simu. Tulikuwa tunashindanisha masta tatu.

Neno hili ni la studio. Wanamuziki wakisharekodi, kila chombo kinakuwa kwenye njia yake. Fundi mitambo anazichanganya njia hizo mpaka zibaki mbili, ya kushoto na ya kulia. Huko ndiko kumiksi. Halafu inabaki kazi ya mwisho, ambayo mara nyingi hupewa fundi mwingine mwenye masikio yasiyochoshwa na wimbo huo: besi iwe nzito kiasi gani, sauti za juu zing'are au zitulie, nyimbo za albamu moja zisipishane kwa nguvu, ukimya kati ya wimbo na wimbo uwe wa sekunde ngapi. Huko ni kumasta, na kinachotoka ni masta, nakala mama inayozaa nakala nyingine zote. Zamani ilikuwa utepe wa sumaku, siku hizi ni faili. Ukisikia wasanii wakigombana na wasimamizi wao juu ya nani "anamiliki masta", ni neno hilohilo limehamia kwenye mikataba: anayeshika nakala mama ndiye mwenye mamlaka ya kuzalisha.

Albamu moja yaweza kuwa na masta kadhaa. Moja ilitengenezwa kwa ajili ya santuri ilipotoka, nyingine kwa ajili ya CD miaka kumi baadaye, nyingine tena kampuni ilipotaka kuiuza upya. Wimbo ni mmoja, siku ya kurekodi ni moja, lakini umepita kwenye masikio na mikono tofauti. Wenye kuuza redio hawakuelezi hili.

Santuri ndiyo yenye masharti mengi kuliko zote, na ndiyo inayofundisha vizuri zaidi masta ni nini. Sauti humo imechongwa kama umbo halisi, mfereji mmoja unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Kwenye LP, ile santuri kubwa ya albamu, yenye dakika 22 kila upande, ukiunyoosha mfereji huo unakaribia nusu kilomita. Besi hufanya mfereji uyumbe kwa upana. Ukiichonga besi ilivyo, mfereji utaingia kwa jirani yake na nafasi itakwisha mapema. Kwa hiyo fundi anaipunguza besi na kuongeza sauti za juu wakati wa kuchonga, kwa kipimo ambacho kampuni za Marekani zilikubaliana mwaka 1954, na amplifaya inarudisha kila kitu mahali pake wakati wa kupiga. Ndiyo maana ukichomeka mashine ya santuri kwenye tundu la kawaida la sabufa unapata sauti nyembamba kama redio inayokata betri. Inatakiwa tundu la "phono", au kikuza sauti kidogo cha kazi hiyo. Nimeona mtu akirudisha mashine dukani kwa hasira, kumbe nzima.

Masharti hayaishii hapo. Besi ya chini kabisa huwekwa katikati, si kushoto wala kulia peke yake, la sivyo sindano inaweza kuruka. Herufi "s" inayochoma hupunguzwa makali. Kuna pia suala la mwendo. Sahani ya LP huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini ukingoni mduara ni mkubwa: sentimita kama 50 za mfereji hupita chini ya sindano kila sekunde. Karibu na lebo zinapita 21 hivi tu. Sauti ya sekunde ileile moja inabanwa kwenye kipande kisichofika nusu, na sauti za juu ndizo zinazoumia kwanza. Watayarishaji wajanja walimalizia upande kwa wimbo wa taratibu.

Sasa rudi kwenye sahani ya mjomba. Ni ya mizunguko 45, kwa hiyo mfereji unakimbia zaidi kuliko ungekimbia kwa 33, na fundi aliweza kuchonga kwa nguvu. Besi yake ni ya kweli, haikutokana na kumbukumbu za ujana. Bei ya besi hiyo ni muda. Upande mmoja unabeba dakika nne au tano, na bendi zetu zilipiga wimbo wa dakika nane bila kutoka jasho. Basi wimbo ukakatwa, beti upande huu, magitaa upande ule. Part 1 na Part 2 hazikuwa wazo la mtunzi. Masta ndiyo iliyoukata wimbo, na tumeuzoea hivyo mpaka tunauona umezaliwa hivyo.

Neno santuri lenyewe limesafiri. Awali ni jina la chombo cha nyuzi huko Uajemi na nchi za Kiarabu. Pwani yetu likaja kuwa jina la mashine, na duara likaitwa sahani ya santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi sahani hizo. Wakati ule hapakuwa na utepe. Sauti ilichongwa papo hapo kwenye nta, nta ikavikwa madini, na madini hayo yakawa muhuri wa kugongea nakala. Masta ya taarabu ya Kiswahili ikabaki mbali, zikarudi nyumbani nakala. Mambo hayakubadilika sana baadaye: bendi za Dar es Salaam na Morogoro zilirekodi kwa utepe Radio Tanzania, ila zikitaka santuri njia ilielekea Nairobi, kwenye kampuni na mitambo ya kugonga sahani. Tepe za aina hii zikipotea au zikioza, anayetaka kuutoa wimbo upya hana budi kutafuta sahani iliyo safi kuliko zote na kuinakili. Nakala inapanda cheo, inakuwa masta. Ndiyo ile tss, tss ya kwenye simu.

CD ilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, kazi ya Sony na Philips. Inapima sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiwa na ngazi 65,536 za kuchagua, na inaisoma kwa mwanga, kwa hiyo haichakai kwa kupigwa. Besi weka utakako. Ukimya wake ni mtulivu kuliko wa santuri yoyote. Kwa vipimo CD inaishinda santuri mchana kweupe, na sioni haya kusema hivyo mbele ya mjomba.

Basi kwa nini watu wengi wanaapa kwamba santuri inasikika vizuri zaidi? Jibu mara nyingi liko kwenye masta. CD ina dari: kuna kiwango ambacho sauti haiwezi kukipita. Ukitaka wimbo wako usikike mkubwa kuliko wa jirani, unakandamiza vilele, kama ule mshindo wa ngoma inapopigwa, kisha unainua kila kitu kilichobaki mpaka kiguse dari. Kuanzia miaka ya 1990 kampuni zilishindana kufanya hivyo. Mnong'ono na kelele vikawa na ukubwa mmoja, na sikio linachoka bila kujua limechoshwa na nini. Mfano unaotajwa sana ni albamu ya bendi ya roki ya Metallica ya mwaka 2008, Death Magnetic. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na pumzi, ngoma ikigonga kama ngoma, wakati CD ilikuwa imebanwa mpaka inakwaruza. Muziki ni uleule, masta mbili. Nafasi ndani ya CD ilikuwepo, hakuna aliyeitumia.

Santuri haikubali ubabe wa aina hiyo kirahisi, kwa hiyo wakati mwingine hupewa masta yenye utulivu, halafu sifa zote zinakwenda kwa plastiki. Wakati mwingine, siyo kila mara. Santuri mpya nyingi za leo zinachongwa kutoka faili, na huenda ni faili lilelile lililobanwa. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani ya Mobile Fidelity, inayouza santuri za bei ya juu kwa wapenzi wa utepe wasiotaka kompyuta iguse sauti, ilibainika kwamba sahani zake nyingi zilikuwa zimepita kwenye hatua ya kidijitali kwa miaka kadhaa. Wateja walikasirika mpaka mahakamani. Ninachokumbuka mimi ni kwamba miaka yote hiyo wenye masikio ya dhahabu walikuwa wakizisifu.

Striming, yaani kusikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni, kwa upande wa sauti haina mengi. Huduma hupokea faili la masta, kisha hulikunja liwe dogo. Njia ya kawaida hutupa sauti ambazo sikio lingezikosa kwa kuwa zimefunikwa na nyingine. Kwa kilobiti 320 kwa sekunde, ambacho ni kiwango kizuri, saa moja inakula MB 144 za bando. Kwa kilobiti 96, MB 43 tu, na hapo matoazi yanaanza kulia kama karatasi. Kiwango kisichopoteza kitu, ambacho Apple Music ilikileta 2021 na Spotify 2025, kinaweza kufika MB 300 au 400 kwa saa. Kabla hujakilipia, kumbuka Bluetooth ya spika yako kwa kawaida itaikunja sauti tena. Mimi nikifumba macho siwezi kuapa kutofautisha 320 na CD ya masta moja. Masta mbili tofauti nazitambua hata jikoni, sufuria ikichemka.

Shida ya striming ninayoiona ni nyingine: huambiwi unasikiliza masta ipi, na inaweza kubadilishwa usiku umelala. Niliwahi kuwa na albamu niliyoizoea kwenye huduma moja. Asubuhi moja ikaanza kunipigia kelele. Jalada lilelile, nyimbo zilezile, toleo la zamani limeondolewa bila taarifa. CD iliyoko kabatini haifanyi hivyo.

Kwa nyumba yenye watoto, bando na mtu anayepika, striming inatosha na haina vumbi. Kwa mwenye kupenda albamu fulani ishirini au thelathini, ningemwambia atafute CD zake zilizotumika, hasa zile za miaka ya 1980, kabla mashindano ya kelele hayajaanza. Ni za bei rahisi, na nyingi zina masta tulivu. Santuri nunua kwa muziki ambao masta yake bora imebaki humo tu. Kwa muziki wetu wa dansi hilo si jambo la nadra, na mwenye kupita Nairobi anaweza kuchungulia kibanda namba 570 cha Kenyatta Market aone rundo lenyewe. Kununua santuri mpya ya albamu iliyotengenezwa juzi kwenye kompyuta ni kununua jalada zuri, na si vibaya mradi ujue.

Kuitambua masta kunahitaji macho zaidi ya masikio. Kwenye striming tazama kama jina la wimbo limefuatwa na neno "Remastered", yaani limetengenezewa masta mpya, na mwaka. Kwenye CD geuza upande unaong'aa, usome namba ndogo kuzunguka tundu. Kwenye santuri, kati ya mwisho wa mfereji na lebo, kuna ukanda mtupu wenye namba zilizokwaruzwa, mara nyingi kwa mkono wa fundi aliyechonga.

Nilipojifunza hilo nilirudi kwa mjomba na tochi ya simu. Nikainamisha sahani kwenye mwanga: namba, kistari, herufi A. Upande wa pili namba ileile na herufi B, ila fundi alianza kuandika A akaikata kwa mistari miwili. Mjomba alivaa miwani, akaangalia muda mrefu kitu alichokuwa nacho zaidi ya miaka arobaini bila kukiona, kisha akaniambia niondoe kidole kwenye mfereji.