Simulesheni ya mabonge ya protini kwenye utando wa seli ni nini hasa

Huku Kisumu mzee akianza kupotea njia ya kutoka soko la Kibuye kurudi kwake, wengine watasema ni uzee tu, wengine wananong'ona mambo ya uchawi, na kumbe wakati mwingine ni Alzheimer, ule ugonjwa daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza 1906. Kwa ubongo wa mgonjwa kunapatikana kiprotini kifupi, amiloidi beta, amino asidi 40 ama 42 hivi. Kikiwa peke yake hakina noma, noma ni vikianza kushikana.

Wengi hudhani bonge kubwa ndio baya zaidi, lakini siku hizi wanasayansi wengi wanashuku vile vibonge vidogo vya protini chache tu, oligoma. Seli imezungukwa na utando wa mafuta wa tabaka 2, unene nanomita 4 hivi, na oligoma zikijipenyeza hapo utando unaanza kuvuja, kalsiamu inaingia ovyo, seli inaumia. Kuziona zikifanya hivyo ni ngumu sana juu ni ndogo na hazitulii, saa hii zimeshikana, saa hii zimeachana.

Ndio sasa watu wanatumia simulesheni, na hii si katuni ya kuchorwa. Unapea kompyuta mahali kila atomu iko, ya protini, ya mafuta, hadi ya maji, inapiga hesabu ya vile zinavutana na kusukumana, inasogeza kila moja kaunyoya tu, halafu inarudia. Hatua moja ni kama femtosekunde 2 (femtosekunde ni sekunde ukiigawa mara milioni bilioni), kwa hivyo ukitaka kufikisha maikrosekunde 1 pekee, yaani sekunde ukiigawa mara milioni, ni hatua milioni 500! Na mabonge kwa maabara yanaweza kuchukua masaa kujiunda. Ndio maana wengine hutumia mbinu kama Martini, karibu atomu 4, bila kuhesabu haidrojeni, zinachukuliwa kama kitu kimoja, inakimbia lakini mambo madogo madogo yanapotea.

Programu ya kufanya hizi simulesheni kama GROMACS ni ya bure, hata mwanafunzi wa Maseno anaweza kuiweka kwa laptop yake, ingawa kazi kubwa inataka mashine kubwa.

Mimi nikionyeshwa picha ya protini imetoboa utando huuliza kwanza, iliingia yenyewe ama ilianza ikiwa imewekwa ndani tayari? Mara nyingi iliwekwa, na hapo simulesheni inakuambia kama tundu linakaa wazi na nini kinapita, haikuambii protini iliingiaje.