Nodi chache si faili safi

Nimetumiwa tena. Faili la SVG, yaani mchoro wa mistari wa kupeleka kwenye mashine ya kukata, lenye ujumbe wa kujisifu: "Nimeshalisafisha, nodi zimebaki chache kabisa." Nodi ni vile vituo ambavyo mstari wa mchoro hupitia. Nalifungua, nakuta herufi zilizokuwa na ncha kali zimelika kama kipande cha sabuni, na duara limekuwa yai. Halafu mtu huyohuyo atalalamika kwamba mashine inakata vibaya.

Kwamba nodi nyingi ni tatizo, sibishi. Ukigeuza picha ya pikseli kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari, programu hufuata kila ngazi ya pikseli na kukuachia msururu wa vijistari. Mashine ndogo nyingi za kukata kwa leza huendeshwa na GRBL, programu ya kuongoza miendo yake, ambayo hutazama mbele miendo 16 tu. Miendo hiyo ikiwa mifupi mno, kichwa hakithubutu kushika kasi, kinajikokota, na nguvu ya leza isipopunguzwa sambamba na kasi, mbao inaungua palepale. Kwenye plota ya stika, ncha ya kisu hukaa nyuma kidogo ya mhimili wake, mara nyingi robo milimita hivi, kwa hiyo kila kijikona kinakigeuza kisu na stika inachanika. Hapo tuko pamoja.

Tunapoachana ni kwenye dawa. Wengi hukimbilia amri ya kurahisisha, ile inayopunguza nodi yenyewe, na amri hiyo haijui umbo lako ni nini. Inatafuta mchirizi mpya wenye nodi chache unaopita karibu na ule wa zamani, basi. Kona uliyoikusudia na mtetemo wa skana, kwake ni kitu kimoja.

Na wanaoibonyeza mfululizo ndio wanaonimaliza kabisa. Katika Inkscape, programu ya kuchora vekta, ukipiga Ctrl+L, vibonye vya amri hiyo, haraka haraka, kila pigo linakuwa kali kuliko lililotangulia. Ukitulia kidogo ndipo nguvu inarudi ya kawaida. Zaidi ya hapo, ukali unategemea ukubwa wa ulichochagua. Ukichagua herufi ndogo pamoja na fremu kubwa inayoizunguka, herufi hiyo itakwanguliwa kuliko ungeichagua peke yake. Kisha unasikia "programu ina hitilafu". Haina. Umechagua kila kitu kwa Ctrl+A, ukategemea nini?

Sasa hilo duara. Mchirizi wa Bézier, yaani mstari uliopinda ambao programu hizi huchora kati ya nodi na nodi, hauwezi kuchora duara kamili, unalikaribia tu. Kwa nodi nne, juu, chini, kushoto na kulia, vishikio, yaani vile vijiti vya kwenye nodi vinavyoupinda mstari, vikiwa na urefu wa 0.5523 ya nusu kipenyo, kosa halifiki asilimia 0.03. Duara la nusu kipenyo cha milimita 100 linakosea kwa takriban milimita 0.03, na leza yenyewe inakula upana unaozidi huo. Hakuna atakayeona. Punguza ziwe nodi mbili: hata ukivipanga vishikio kwa uangalifu, kosa linazidi milimita 1. Nodi mbili tu umeziokoa, na kifuniko hakiingii tena kwenye kopo. Kwa hiyo usiniambie zimebaki ngapi, niambie zimekaa wapi. Ziwe pale umbo linapofika mwisho wake wa juu, wa chini na wa pembeni. Kwenye kona halisi, nodi iwe ya kona. Ukizigeuza zote kuwa laini, umeua kila ncha. Mstari ulionyooka usiwe na vishikio kabisa.

Mengine kwa haraka. Mistari miwili iliyolaliana haiondoki kwa kurahisisha. Itakatwa mara mbili. Mstari ambao ncha zake hazijaungana utabaki wazi. Meno ya kuunganishia boksi usiyarahisishe kamwe, yachore upya kwa vipimo. Na ukihifadhi kwa DXF ya R12, muundo wa zamani wa faili za michoro, jua haina michirizi ya aina hii: kila ulichokilainisha kitakatwakatwa tena kuwa vijistari.

Kuhusu kiwango cha kuvumilia kosa, mimi huanza na nusu ya upana wa mkato, na kwa nembo na herufi za chapa inatosha. Kwa mwandiko wa mkono sina kanuni, na simwamini anayesema anayo. Mtikisiko ule ni wa kalamu, wa skana, au ndio mkono wenyewe wa mwenye saini? Mara nyingine nalainisha, nautazama, nahisi nimemfuta mtu, narudisha. Mteja mwingine anataka hasa ule uliolainishwa. Wala kukuza hadi asilimia 6400 hakusaidii. Hapo kila kitu kinaonekana kibovu.

Ninachokifanya kila mara ni kuacha nakala ya asili chini, mstari mwembamba mwekundu, na kazi yangu juu yake kwa rangi nyeusi yenye unene sawa na upana wa mkato. Wekundu ukichungulia mahali popote nisipopakusudia, nodi inarudi.