Wati hazitibu kelele: dhana potofu kuhusu redio ya ridhaa na Wi-Fi mjini Lubumbashi

Vijana wa Lubumbashi wanaojifunza mambo ya mawimbi, wawe ni wanafunzi wa Kasapa, kwenye chuo kikuu, wanaounganisha vyumba vyao kwa Wi-Fi au mafundi wa redio wa mitaa ya Katuba na Kenya wanaotamani kuongea na nchi za mbali, hupewa ushauri uleule na wauzaji na hata na wenzao: ongeza nguvu. Ushauri huo ndio mzizi wa dhana nyingi potofu, na umewala watu pesa ambazo zingetosha kununua vifaa vya kupimia. Hapa nazipitia dhana hizo, nikikaa zaidi kwenye zile zinazogharimu zaidi.

"Nikizidisha wati mara mbili, nitasikika mara mbili zaidi"

Kipokezi hakihesabu wati kwa namna hiyo. Tofauti za nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na kuzidisha nguvu mara mbili ni kuongeza desibeli 3 tu. Mshale wa kipokezi cha wanaredio wa ridhaa, yaani wanaorusha kwa kujifunza na kujifurahisha bila biashara, umegawanywa kwa pointi, na kwa kipimo kilichokubaliwa kila pointi ni desibeli 6. Kwa hiyo anayetoka wati 5 kwenda wati 20 ameusogeza mshale wa mwenzake kwa pointi moja, na anayefika wati 100 ameusogeza kwa pointi mbili na kidogo, baada ya kununua betri kubwa, nyaya nene na mtambo mpya.

Linalosahaulika zaidi ni kwamba wati zako hazikusaidii kusikia. Tuseme kelele ya kawaida nyumbani kwako inafika pointi 3, kisha unafunga kidhibiti cha chaji cha sola cha bei ya chini na kelele inapanda hadi pointi 7. Hizo pointi 4 ni desibeli 24, yaani takriban mara 250. Mwenzako wa Kolwezi aliyekuwa akisikika vizuri kwa wati 10 sasa atahitaji wati 2,500 ili umsikie kama zamani, na mitambo ya aina hiyo haipatikani mitaani kwetu. Kukiondoa kidhibiti kile, au kukichuja, kunakurudishia desibeli zote 24 bila yeye kuongeza hata wati moja.

"Mawimbi yangu yanaharibiwa na mnara wa simu, au na jirani mwenye mtambo"

Hii ndiyo dhana inayozaa ugomvi, na mara nyingi anayelaumiwa hana hatia. Kwa sababu ya delestaji, yaani mgao wa umeme, nyumba zetu zimejaa vifaa vya kugeuza umeme: inveta, vidhibiti vya chaji, chaja za simu, taa za LED. Vifaa hivyo hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato wa ghafla huzaa mawimbi yanayotapakaa kutoka masafa ya kati hadi masafa mafupi. Chaja nzuri ina kichujio cha kuyazuia yasitoke. Katika chaja ya bei ya chini kichujio hicho mara nyingi kimeachwa ili kupunguza gharama, na ukiifungua utaona kwenye bodi yake matundu matupu mahali ambapo koili na kapasita zilipaswa kuchomelewa.

Kuthibitisha hakuhitaji kifaa cha ghali. Chukua redio ndogo ya betri yenye masafa ya kati, iweke mahali pasipo na stesheni, uisikilize, kisha uzime disjonkta (swichi) kuu ya umeme na kila kinachotumia betri za sola. Kelele ikitoweka, chanzo ni chako. Washa kifaa kimoja baada ya kingine na uisogeze redio karibu na kila kimoja: mvumo unaonenepa kadiri unavyoikaribia taa fulani ni ushahidi ambao hakuna muuzaji atakayeupinga. Fuata pia nyaya zinazoshuka kutoka kwenye paneli za paani, kwa maana waya mrefu unaobeba umeme mchafu ni antena kamili, hata kama kifaa chenyewe ni kidogo kama kiberiti.

Tiba ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Waya chanya na waya hasi za paneli zisokotwe pamoja badala ya kutandazwa mbalimbali, kisha zipitishwe mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti, kauri yenye tabia ya sumaku inayozuia kelele, karibu na kifaa kinachochafua. Idadi ya mizunguko ni muhimu sana, kwa kuwa uzuiaji hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko: katika masafa mafupi, waya uliozungushwa mara tatu huzuia karibu mara tisa ya waya uliopita mara moja. Kuna watu walionunua pete, wakapitisha waya mara moja tu, wakasema kwamba feraiti ni hadithi.

Kelele ikibaki baada ya kuzima kila kitu, hapo ndipo utazame nje. Kwenye laini ya umeme, kiungo kilicholegea au kikombe cha kuhami kilichopasuka hutoa cheche zenye mvumo wa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na cheche huruka mara mbili katika kila mzunguko. Aghalabu kelele hiyo hupungua mvua inaponyesha, na dalili hii husaidia kuitofautisha na radi za msimu.

Tena, kuna nyakati ambapo kasoro iko kwa anayelalamika. Kila mtu mjini amewahi kusikia spika ikikereza kabla simu iliyo karibu nayo haijaita. Simu ya 2G hurusha kwa vipande vifupi, takriban mara 217 kwa sekunde, na waya wa spika hunasa mipigo hiyo na kuipeleka kwenye amplifaya isiyokingwa. Simu imefanya kazi yake halali. Vivyo hivyo, jirani akisikia sauti yako ndani ya spika zake, hilo peke yake si ushahidi kwamba mtambo wako umetoka nje ya masafa yake. Hata hivyo nashauri umfungie pete ya feraiti kwenye nyaya za spika zake kwa gharama yako mwenyewe, maana ujirani una thamani kuliko pete.

"Wi-Fi ina chaneli 13, basi kila mmoja achague ya kwake"

Chaneli hizo zimepangwa kwa hatua za megahezi 5, ilhali mawasiliano ya kawaida ya Wi-Fi yanachukua upana wa megahezi 20 hivi. Kwa hiyo anayetumia chaneli ya 3 anawagonga walio kwenye ya 1 na walio kwenye ya 6. Zinazokaa bila kugusana kwa desturi ni tatu: 1, 6 na 11. Jambo linalowashangaza wanafunzi wengi ni kwamba afadhali ruta mbili zitumie chaneli ileile kuliko zigusane nusunusu. Zilizo kwenye chaneli moja husikilizana na kupokezana zamu. Zinazogusana nusu haziwezi kusomana, na kila moja huiona nyingine kuwa kelele tupu.

Adapta ya Wi-Fi ya kuchomeka kwenye kompyuta ina adui mwingine wa karibu mno. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo yanayoonyesha kwamba milango na kebo za USB 3.0 hutoa kelele inayoangukia kwenye gigahezi 2.4. Mtu anachomeka adapta kando ya diski ya nje, kasi inaanguka, naye anaenda kununua adapta yenye nguvu zaidi. Angeitoa adapta ileile kwa kebo ya nyongeza ya mita moja, kero ingepungua au kwisha kabisa.

"Mvua inameza Wi-Fi, kwa sababu gigahezi 2.4 ndiyo masafa ya maji"

Maji hayana mlio wake maalumu hapo. Jiko la mikrowevu hutumia eneo la gigahezi 2.45 kwa kuwa lilitengwa kimataifa kwa matumizi ya viwandani na mengineyo yasiyo ya mawasiliano, na Wi-Fi ilikuja baadaye kukaa katika eneo hilohilo. Matone ya mvua hayapunguzi chochote cha maana katika masafa hayo. Kinachoharibu mawasiliano wakati wa mvua ni majani ya miembe yaliyolowa, na maji yaliyoingia kwenye viungio vya kebo ambavyo havikufungwa vizuri.

"Mkebe wowote ni antena, na kebo yoyote inafaa"

Antena ya mkebe inafanya kazi kweli, na naipenda kwa sababu inafundisha fizikia kwa mikono. Lakini mkebe una vipimo vyake. Kwa gigahezi 2.4, mkebe wenye kipenyo cha ndani kilicho chini ya sentimita 7.3 haupitishi wimbi. Ukizidi takriban sentimita 9.3, wimbi la umbo la pili huanza kupita na kuvuruga mwelekeo. Ndiyo sababu mkebe mdogo wa nyanya haufai, na mkebe mkubwa wa maziwa ya unga huleta matokeo ya kubahatisha. Kijiti cha shaba kinachoingia ndani kiwe na sentimita 3.1, na milimita chache za ziada zinaonekana kwenye kipimo.

Kisha antena nzuri inauawa na kebo. Kebo nyembamba ya RG-58 hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita katika masafa hayo, hivyo mita 10 zake hufikisha sehemu moja tu kati ya kumi. Suluhisho ni kuipandisha adapta yenyewe mlingotini, ndani ya kasha lisiloingiza maji, na kushusha kebo ya USB, ambayo kwa USB 2.0 haipaswi kuzidi mita 5.

Umbali nao unahitaji anga tupu. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha Wi-Fi kwa kilomita 382 nchini Venezuela, kutoka mlima hadi mlima, wakitumia ruta za kawaida zilizobadilishiwa programu. Hapa kwetu ardhi ni tambarare. Kwa kilomita 5, mawimbi yanahitaji katikati ya njia uwazi wa mita 7 au 8 kutoka kwenye mstari wa kuonana, kwa hiyo kuiona nyumba ya mwenzako juu ya miti hakutoshi.

"Kipimo cha SWR kikiwa 1, antena ni nzuri"

Kipimo hicho kinaeleza tu kwamba nguvu hairudi kwenye mtambo. Kizuizi cha omu 50 kinachogeuza nguvu yote kuwa joto kinaonyesha 1 kamili, na hakisikiki hata mtaa wa pili.

"Anayesikika Kinshasa atasikika Likasi bila shida"

Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa na Likasi ni kilomita 120 hivi, lakini kwenye megahezi 14 mara nyingi Kinshasa husikia na Likasi haisikii kitu. Wimbi hupanda hadi kwenye ionosfia, tabaka la hewa linalorudisha mawimbi chini, kilomita mia kadhaa juu, na kushuka mbali. Kati ya mahali linaposhuka na mahali linapokoma wimbi la ardhini hubaki eneo la ukimya, na Likasi imo ndani yake. Anayeitaka Likasi au Kolwezi mchana ashuke megahezi 7, atandaze dipoli (antena ya waya iliyogawanywa katikati) ya mita 20 kwa kimo cha mita 4 hadi 6 tu, ili mawimbi yapande wima na kurudi karibu. Hapa mlingoti mrefu, ambao wengi wanaugharamia, unapunguza mafanikio.

"Redio ikiuzwa sokoni, ina maana imeruhusiwa"

Redio nyingi za mkononi zinazouzwa hufungua megahezi 136 hadi 174, ilhali katika kanda yetu ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, wanaredio wa ridhaa wamepewa 144 hadi 146 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ina wenyewe, na wengine hutegemea mawasiliano hayo kwa usalama wa watu. Kanuni za kimataifa zinaitaka kila nchi ithibitishe ujuzi wa mtu kabla ya kumruhusu kurusha, na kwetu masafa yanasimamiwa na ARPTC, mamlaka ya Kongo ya posta na mawasiliano, chini ya sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Morse si kikwazo kama wazee wanavyodai: mkutano wa dunia wa masafa wa mwaka 2003 uliondoa ulazima wa kimataifa wa kujua alama za Morse, na kila nchi ikaachiwa iamue yenyewe. Herufi za mwanzo za vituo vya Kongo ni 9O hadi 9T, na anayepata kibali hutambulishwa kwa herufi hizo kila anaporusha.